Namba Kabla ya Risasi

Dunmore, Montana
28 Mei 2017

Shangazi Marit,

Habari za huko juu? Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba theluji imeshaondoka mlangoni mwa mnara wako wa kutazamia moto wa msituni na serikali imekupelekea kahawa ya kutosha mwaka huu. Sisi huku wazima. Mama amepona kikohozi chake cha majira ya baridi, ingawa bado anakohoa kidogo akitakiwa kwenda kanisani kupika viazi. Mbwa wetu Pontus amezeeka, siku hizi anabweka akiwa amelala. Ngano imeota vizuri. Mvua ya mawe ilitupita kando ikawapiga wapinzani wetu wa Sorrel Creek. Baba alijaribu kuwasikitikia, ikamshinda.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Jicho la kulia la baba limeingia ukungu. Daktari amesema atafanyiwa upasuaji baada ya mavuno, kwa hiyo mwaka huu hawezi kulenga shabaha. Atabaki kapteni, atalala kifudifudi nyuma ya wapigaji na darubini yake akiwasomea upepo, lakini kiti chake kwenye timu kiko wazi. Mchujo wa kukijaza ni tarehe 5 Agosti, na Kombe la Ngano ni katikati ya Septemba. Ninakitaka kiti hicho, shangazi. Ninakitaka mpaka nikila sisikii ladha. Baba amelifukuzia kombe hilo miaka thelathini na hajawahi kulishika, na mimi nataka aliingize ndani ya nyumba hii akiwa bado anaweza kuliona.

Tatizo ni bunduki. Ile ya klabu yetu ya shabaha ilitengenezwa kwa ajili ya wanaume wenye mikono mirefu kama ngazi. Mimi ni mfupi, nimerithi kwako. Nikiiweka begani inabidi ninyooshe shingo kama kuku anayekunywa maji. Nimeweka akiba ya dola mia tisa kutokana na kazi yangu ya kupima malori ya ngano pale ghalani. Dukani kwa Elroy Quist kuna bunduki tatu za aina inayotumika kwenye kombe, hizi zinazojipakia zenyewe na kutoa risasi moja kila unapovuta, ambazo unaweza kubadilisha kila kiungo. Moja ni nyeusi, mpya, ina vishikizo kila upande. Moja ina rangi ya mchanga, nzuri kupita kiasi. Ya tatu ilikuwa ya askari mstaafu, imekwaruzwa mwili mzima. Nichague ipi?

Nikimuuliza baba ananiambia, "Ya klabu inatosha," kisha anaenda kukagua trekta ambalo halina ubaya wowote. Katika ukoo huu, ukimtoa yeye, ni wewe peke yako uliyewahi kukalia kiti kwenye timu ya Dunmore. Baba hajui kwamba nakuandikia. Sijamficha. Sijamwambia tu.

Mpwa wako,
Britta


Mnara wa Kilele cha Sable
14 Juni 2017

Britta mwanangu,

Barua yako imeletwa na Otis na farasi wake wa mizigo, pamoja na vitunguu, betri na gazeti la mwezi uliopita. Kona moja ilikuwa imelowa, Otis anasema ni mto, mimi nadhani ni bia. Nimefurahi kuuona mwandiko wako. Mara ya mwisho ulikuwa unaandika herufi kubwa tupu na kunichorea ng'ombe mwenye miguu sita.

Mimi mzima. Magoti yananiuma nikipanda ngazi na yananiuma nikishuka, kwa hiyo najitahidi kukaa juu. Dubu amekwaruza mlango wa choo. Nimeona moshi mara mbili tangu nije, na mara zote mbili walikuwa watu wanachoma soseji. Mpe mama yako pole ya kikohozi, na mwambie nakikumbuka vizuri, alikuwa nacho hata kabla hajaolewa.

Chukua ile iliyokwaruzwa.

Ndiyo, najua. Ile ya rangi ya mchanga inakutazama kila ukipita dirishani. Iache iendelee kukutazama. Mwili wa bunduki hizi ni uleule, Britta. Ni kiunzi tu cha kushikia vitu vingine, na mikwaruzo haijawahi kupotosha risasi hata moja. Anayenunua mpya yenye vishikizo kila upande hununua vishikizo. Wewe unanunua mambo matatu. La kwanza ni mtutu mzuri, maana risasi haijui kitu kingine chochote isipokuwa mtutu. La pili ni kifyatulio chepesi kisichokwama katikati ya safari. La tatu ni kitako kinachorefuka na kufupika, ili uache kuwa kuku. Mwaka jana walibadilisha kanuni za kombe, kitako cha namna hiyo sasa kinaruhusiwa. Zamani zetu hakikuruhusiwa, nilikuwa najaza soksi kwenye bega la koti.

Fedha yote itakayobaki nunua risasi za mazoezi. Nimesema yote. Na usiku wa leo usilale kabla hujajiapiza hivyo, kwa sababu nakujua, wewe ni mtoto wa Halvor na Halvor alinunua kofia tatu za kulengea kabla ya kununua buti.

Kuhusu kiti cha timu sina la kusema. Ni kiti kizuri. Kina baridi asubuhi.

Unasema baba yako hajui kwamba unaniandikia. Umefanya vizuri.

Shangazi yako,
Marit


Dunmore
2 Julai 2017

Shangazi Marit mpenzi,

Salamu kutoka kwenye joto. Huku tunachemka, hata nzi wamechoka. Mama anakusalimu, nilimwambia ulichosema juu ya kikohozi akacheka mpaka kikaja chenyewe. Ndiyo, mama anajua. Alinikuta nalamba bahasha. Alinitazama, akanipa stempu, akarudi jikoni.

Nimenunua iliyokwaruzwa. Elroy aliniuliza kama nina uhakika, nikamwambia nimeshauriwa na mtaalamu. Akauliza mtaalamu gani, nikatazama dari. Kitako kipya kimefungwa, na shangazi, nilipoiweka begani mara ya kwanza nilitaka kulia. Shavu limekaa mahali pake, jicho limefika lenyewe, shingo imetulia. Nilikuwa sijui kwamba watu wengine hulenga hivyo siku zote. Kifyatulio nacho nimebadilisha. Kila asubuhi kabla ya kwenda ghalani nafanya mazoezi ya kulenga bila risasi pale bandani kwa nusu saa, na Pontus ananihukumu.

Sasa kaa chini. Kama umekaa, shika meza.

Wiki iliyopita tulikuwa na maonyesho ya bunduki Great Falls. Niliingia nikiwa na fedha ya risasi mfukoni na kiapo chako kichwani. Nikatoka na darubini ya kulengea yenye urefu wa mkono wangu, tochi ya kufunga chini ya mtutu, na kishikio cha kijani. Sijui ilikuwaje. Muuzaji aliniruhusu nitazame, nikaona kwato za farasi aliyekuwa upande wa pili wa barabara kuu, na hapo akili ikanitoka.

Nikampelekea Elroy darubini hiyo. Alikwenda akaleta kitabu cha kanuni za kombe, akakifungua, akaniwekea kidole. Haikubaliki. Inakuza mara tano zaidi ya inavyoruhusiwa. Tochi ndiyo usiseme, kombe linapigwa mchana.

Na mtutu wa askari yule umechoka. Nimepiga risasi kumi kwa yadi mia tatu, nikiwa nimetulia kabisa, matundu yakatawanyika upana wa sahani ya chakula. Wade Pruitt, anayekitaka kiti hicho pia, alikuwa anapita nyuma yangu. Akaniambia, "Britta, hizo ulipiga au ulirusha?" Sina fedha ya mtutu mpya. Nina bunduki nzuri sana ya kupigia picha, na mwezi mmoja mpaka mchujo.

Nigombeze, nimestahili.

Britta


Mnara wa Kilele cha Sable
16 Julai 2017

Britta,

Salamu kwa mama yako na kwa Pontus. Huku radi zimeanza, kavu, bila mvua, kwa hiyo nalala nimevaa buti. Magoti yapo. Matunda meusi ya msituni yanaiva na dubu na mimi tumegawana mteremko, yeye kachukua upande mkubwa.

Tochi. Nimelisoma neno hilo mara tatu, nikamsomea Otis naye akaomba alisome mwenyewe. Amekaa kwenye ngazi akicheka mpaka farasi wamegeuka kumtazama. Ulikusudia kuitafuta shabaha au kuiamsha?

Basi, nimeshakugombeza. Sasa sikiliza. Darubini hiyo mpelekee Elroy akuuzie kwa mwindaji yeyote aliyevuka miaka sitini. Wote hawaoni na hakuna anayekubali, wataipigania. Ununue ndogo inayoruhusiwa, na itakayobaki yote nunua risasi. Kishikio cha kijani kiache palepale ulipokifunga, ili kila ukikiona ukumbuke.

Kuhusu mtutu, nimemwandikia jirani yangu Dolores kule mjini Larch, kwenye nyumba yangu ya majira ya baridi. Chini ya kitanda kuna sanduku refu. Ndani yake kuna mtutu umefungwa kwenye kitambaa cha mafuta. Haujawahi kupigwa hata mara moja. Ulitengenezwa na fundi mmoja wa Billings ambaye sasa ni marehemu, na nilisubiri miezi minane kuupata. Nilitaka kuufunga baada ya Kombe la mwaka tisini na nane. Baada ya kombe lile sikuwa na pa kuufunga.

Utakufikia kwa posta. Usinishukuru. Chuma kikikaa bure miaka kumi na tisa kinachukiza, hata kwa kukifikiria tu.

Marit


Dunmore
9 Agosti 2017

Shangazi yangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Habari za nyumbani nitakupa kwa mkupuo: mama mzima, ngano imeanza kukatwa, ghalani malori yanapanga foleni mpaka barabarani, mimi nalala kwa muda wa saa tano tu kila usiku na sijali. Darubini ilinunuliwa na mchungaji wetu.

Nimeshinda mchujo.

Ngoja nikueleze kwa utaratibu, maana utaratibu wenyewe una jambo. Mtutu ulifika tarehe 24. Niliuweka kwenye meza ya ufundi bandani, nikafungua kitambaa, nikaenda ndani kumwita mama aje aone. Tuliporudi baba alikuwa amesimama pale. Hakugeuka. Aliutazama mtutu kwa muda mrefu, na mama akanishika mkono nisiseme kitu. Baadaye baba akachukua kitambaa kilekile, akaufuta mtutu wote kutoka mwanzo mpaka mwisho, taratibu, kama anavyomfuta ndama aliyezaliwa. Akauviringishia tena kitambaa. Kisha akasema, "Huu aufunge Elroy. Wewe usiuguse na koleo." Akatoka. Siku ile chakula cha jioni hakula.

Hakuniuliza umetoka wapi, shangazi. Na mimi sikumwambia.

Elroy aliufunga. Siku ya kwanza uwanjani nilipiga kumi kwa yadi mia tatu. Wade alikuwa zamu ya shimoni, kule chini ya shabaha wanakozishusha na kuzipandisha na kubandika matundu. Akapiga simu kwa msimamizi kuuliza kama kweli nimepiga zote, kwa sababu alikuwa anaona tundu moja kubwa. Lilikuwa tundu moja kubwa, shangazi. Unaweza kulifunika kwa kifuniko cha chupa ya soda.

Mchujo tulikuwa sita. Nilimshinda Wade kwa pointi kumi na moja. Alikuja akavua kofia, akasema, "Kishikio kile cha kijani ndicho kimenimaliza." Ni mtu mzuri. Wakanipa shati la timu, ni la saizi ya baba, linanifika magotini, na sijalivua isipokuwa kwenda kazini.

Sasa nami nakuuliza jambo moja, na naomba unijibu kama mtu mzima mwenzako. Mwaka ule wa tisini na nane kulitokea nini? Nilikuwa na miaka mitano. Nakumbuka jua na nakumbuka suruali ya baba niliyokuwa nimeishika. Hapa Dunmore kila mtu anajua nusu ya hadithi, na nusu yenyewe ni kwamba risasi yako ya mwisho uliipiga kwenye shabaha ya jirani, ukapata sufuri, tukalikosa kombe. Lakini watu wengi wamewahi kupiga shabaha ya jirani na wakarudi mwaka uliofuata wakataniwa yakaisha. Wewe hukurudi hata kwa Krismasi.

Britta wa kiti cha nne


Mnara wa Kilele cha Sable
27 Agosti 2017

Britta mwanangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Moto umetokea bonde la kaskazini na Otis hakuweza kupita siku tisa. Mimi ndiye niliyeuona kwanza, saa kumi na mbili asubuhi, uzi mwembamba tu wa moshi, nikauripoti kabla haujawa mkubwa. Sasa umezimwa. Macho yananiwasha na kila kitu kinanuka majivu, pamoja na karatasi hii.

Hongera. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama. Kumi na moja ni nyingi, mtu hashindwi kwa kumi na moja kwa bahati mbaya. Nilipofika pale pa kifuniko cha chupa nilitoka nje kwenye baraza nikapiga kelele kidogo, dubu akakimbia. Najivunia wewe, na nakuandikia hivyo kwa wino ili usiseme sikusema.

Kuhusu mwaka ule, unayoyajua yanatosha. Risasi yangu ilikwenda kwenye shabaha namba kumi na moja na yangu ilikuwa kumi na mbili. Hilo ni kweli, na niliipiga mimi. Mengine si yangu peke yangu, kwa hiyo siwezi kuyagawa.

Ila nina ombi. Kwenye yadi mia sita, yeyote atakayelala nyuma yako na darubini akuulize namba ya shabaha yako kabla ya kila risasi. Kila risasi, Britta, zote ishirini. Akuulize, wewe utazame ubao ulio juu ya shabaha, umjibu kwa sauti. Asipouliza, toa kidole kwenye kifyatulio. Usivute. Hata kama muda unakwisha.

Marit


Dunmore
18 Septemba 2017

Shangazi Marit,

Wote wazima, wote wanakusalimu, na sina subira ya kuandika zaidi ya hapo.

Liko mezani. Nalitazama sasa hivi. Mama ameliweka kati ya chumvi na sukari, na kila tukila inabidi tulisogeze. Ni dogo kuliko nilivyodhani na sikio moja limelegea. Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona.

Jumamosi palikuwa na upepo, wa kutoka kushoto, unaokuja na kukatika. Kwa yadi mia mbili na mia tatu tulikwenda sawa na Sorrel Creek, wao pointi moja mbele, sisi mbili mbele, hivyo hivyo. Mtutu wako ulikuwa unaimba. Wazee wa timu nyingine walikuja mmoja mmoja kuuliza bunduki ile iliyokwaruzwa ni ya nani, wakaona kishikio cha kijani, wakaona nilivyo mfupi, wakarudi kwao kimya.

Tukafika yadi mia sita. Mimi ndiye niliyepangwa wa mwisho. Namba yangu ilikuwa ishirini na tatu. Nilipolala kwenye mkeka, baba akalala nyuma yangu na darubini yake na jicho lake moja. Nikageuka nikamwambia, "Baba, shangazi Marit amesema uniulize namba kabla ya kila risasi."

Shangazi, sijawahi kuuona uso ule. Alikuwa mweupe kama unga. Sijui kama alishangaa kusikia tunaandikiana, nadhani alishajua tangu siku ya mtutu. Alishughulika na miguu ya darubini yake mpaka msimamizi akatangaza muda umeanza. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Namba?"

"Ishirini na tatu."

"Piga."

Hivyo hivyo. Mara ya pili, ya tatu, ya kumi. Sauti yake ilianza kutulia. Upepo ulikuwa unanicheza lakini yeye alikuwa anausoma kama barua, "robo kushoto, subiri, subiri, sasa." Risasi ya kumi na tisa ikatua kwenye pointi kumi. Tukajua kwa hesabu za watu waliokuwa nyuma kwamba Sorrel Creek wameshamaliza, na kwamba mimi nahitaji tisa ili tushinde. Nikipata nane tunatoka sare, na kwa sare wanachukua wao.

Jasho likaniingia machoni. Nikainua shavu, nikajifuta kwa mkono wa lile shati refu, nikarudi begani. Shabaha ikakaa katikati, safi, nyeusi, nzuri kabisa. Nilikuwa nimeshaanza kuvuta.

"Namba?"

Nilikaribia kujibu bila kutazama. Nimejibu mara kumi na tisa, ulimi unajua wenyewe. Ila nilikumbuka ulivyoandika, nikainua jicho mpaka kwenye ubao. Ishirini na nne.

Nikatoa kidole. Nikasema, "Baba, niko kwa jirani."

Nikamsikia akivuta pumzi nyuma yangu. Kisha akasema, "Rudi nyumbani, mwanangu. Taratibu. Muda upo." Nikasogeza kiwiko, nikarudi ishirini na tatu. Akauliza tena namba. Nikamjibu. Akaniambia, "Upepo umekatika. Sasa." Nikavuta.

Shabaha ikashuka shimoni. Unajua jinsi inavyokaa kule chini ukiwa unaisubiri. Ikapanda, na kile kibao cheupe cha kuonyesha tundu kilikuwa katikati kabisa, juu ya alama ndogo ya msalaba. Kumi, shangazi. Kumi ya katikati.

Watu wa Dunmore walipiga kelele, Wade akanibeba na mkeka wangu. Nilimtafuta baba. Alikuwa bado amelala chini, uso kwenye nyasi. Nikadhani anaumwa. Akainuka, akaenda mpaka kwenye meza ya waamuzi ambako timu zote zilikuwa zimekusanyika, akaomba kuzungumza. Walidhani atashukuru wafadhili.

Akasema, "Mwaka wa tisini na nane nililala nyuma ya dada yangu Marit kwenye mstari huuhuu. Niliwaambia ninyi, wengi wenu mlikuwepo, kwamba nilimwuliza namba akanijibu kumi na mbili. Sikumwuliza. Nilikuwa natazama ubao wa pointi, naona tunashinda, nikasahau. Alinisikia nikiwaambia uongo na hakusema neno. Kombe la leo limetokana na mtutu wake na akili yake. Nilitaka mjue."

Hakuna aliyepiga makofi, si maneno ya kupigia makofi. Lakini yule kapteni mzee wa Sorrel Creek alikuja akamshika baba bega, akakaa hivyo. Na mimi ndipo nilipolia, nikiwa na bunduki mgongoni na shati limenifika magotini.

Baba amekuandikia. Alianza Jumamosi jioni na karatasi nne zimeingia kwenye jiko. Hii niliyokufungia ni ya tano. Sijaisoma, ameikunja mwenyewe.

Britta


[Karatasi iliyokunjwa ndani ya barua]

Marit,

Namba yako ilikuwa kumi na mbili. Kazi ya kukuuliza ilikuwa yangu, sikuifanya, nikasema niliifanya. Nimekaa na hilo miaka kumi na tisa na kila mwaka lilizidi kuwa gumu kulitoa mdomoni. Sikuombi usahau. Nakuomba uje ule.

Halvor


Mnara wa Kilele cha Sable
29 Septemba 2017

Britta mwanangu,

Theluji ya kwanza ilianguka jana na Otis amesema safari hii ni ya mwisho, tunafunga mnara. Kwa hiyo nakuandikia nikiwa nimekalia sanduku, na Otis anajifanya kuangalia kwato za farasi ili nisione kwamba anaona nalia. Mwambie mama yako nipo mzima kabisa. Magoti yamesahau kuuma tangu asubuhi.

Uliniuliza kwa nini sikurudi hata kwa Krismasi. Sasa yameshagawanywa, naweza kukujibu. Siku ile, baba yako alipokuwa anawaambia watu kwamba aliniuliza, wewe ulikuwa umeishika suruali yake. Ulikuwa unamtazama juu kama mtu anavyotazama mlima. Nilikuwa na maneno manne mdomoni ambayo yangemaliza jambo lote palepale. Nikakutazama wewe, nikayameza. Nilikasirika sana, Britta. Nilimkasirikia miaka mingi, na nilijua nikikaa mezani kwake siku moja nitayatapika mbele yako. Nikaona afadhali nije nikae mahali ambapo kazi yangu ni kutazama mbali. Siijutii kazi hii. Ila nimekukosa ulipokuwa unakua, na hilo nalijutia sana.

Kumi ya katikati. Nimemfanya Otis asome sehemu hiyo kwa sauti mara mbili, na mara ya pili alivua kofia.

Uutunze mtutu. Ni wako. Usiusafishe kwa brashi ya chuma, na usimwachie Elroy aupake kitu chochote kinachonukia. Majira ya baridi tutazungumza juu ya kuibadilisha darubini, kwa sababu nasikia mwakani kiti cha Orrin kwenye timu yenu kitakuwa wazi, anahamia Arizona kwa binti yake, na kanuni mpya zinaruhusu kitako kifupi hata kwa wazee wenye magoti mabaya. Mwambie Wade Pruitt ajiandae, maana sitanii kama wewe.

Nitafika Jumamosi ya tarehe 7 Oktoba na basi la saa tisa. Nitakuwa nimevaa koti jekundu na nitakuwa na ndoo ya matunda niliyomnyang'anya dubu. Barua ya baba yako sijaijibu, nitaijibu kwa mdomo. Nikifika mlangoni, asiseme karibu, asiseme pole, asiseme hotuba nyingine. Aniulize namba.

Nitamjibu.

Shangazi yako,
Marit